Kuchambua Maradhi ya Mwili Unaojishambulia: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Pemba na Anayemsindikiza

Usiku wa msimu wa karafuu, watu wakikaa kuchambua, huwezi kumjua mgonjwa. Mkono mmoja umeshika kishada, kiganja cha pili kinakisokota, karafuu zinadondoka huku na makonyo yanatupwa kule. Mama huyu anachambua sawa na wenzake. Lakini njoo umuone alfajiri anapotaka kutia udhu: kopo la maji linamponyoka kwa sababu vidole havifungi. Vimevimba pale vinapoungana na kiganja, mkono wa kulia kama wa kushoto, na havilainiki mpaka saa tatu, saa nne. Majirani waliomuona usiku hawamwamini. Mwenyewe anasema ana baridi yabisi.

Bibi aliyekaa naye barazani pia ana baridi yabisi. Vidole vyake vinauma usiku, baada ya kazi, na vimeota vinundu kwenye pingili za mwisho, karibu na kucha. Na yuko mjukuu wa miaka kumi. Goti lilimvimba wiki iliyopita, likapoa lenyewe, sasa kifundo cha mguu ndicho kilichovimba. Kachuliwa mafuta, kaambiwa baridi yabisi.

Watu watatu, jina moja. Wa kwanza kinga ya mwili wake inamshambulia. Wa pili gegedu limechakaa kwa umri na kazi. Wa tatu kinga yake imechanganyikiwa baada ya koo kuuma, na kilicho hatarini kwake ni moyo kuliko goti. Ukiwapa wote watatu mafuta ya kuchulia na vidonge vya maumivu, bibi atapata nafuu, mama atapinda vidole, na mtoto huenda ukampoteza baada ya miaka.

Ndiyo maana nakushauri ujifunze kuyachambua maradhi haya. Hutakuwa daktari kwa kusoma kurasa hizi. Utaweza tu kujua jina uliloandikiwa kwenye cheti limo fungu gani, kwa sababu fungu ndilo linaloamua uvuke kwenda kwa nani, upimwe nini, na dawa ipi uitumie kwa hadhari.

Kwanza uliza: anapigwa nani?

Kazi ya kinga ni kumtambua mwenyeji na mgeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Kijerumani Paul Ehrlich aliona kwamba mwili una namna ya kujizuia usijidhuru, na kwa miaka mingi madaktari wengi hawakutaka hata kufikiri kuwa kinga inaweza kumgeukia mwenye nyumba. Mwaka 1912 daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alieleza uvimbe wa tezi ya shingo uliojaa chembechembe nyeupe za damu. Ugonjwa ukapewa jina lake, lakini fungu lake halikujulikana mpaka 1956, pale Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao huko London walipokuta katika damu ya wagonjwa wa aina hiyo kingamwili zinazoipiga tezi yenyewe. Mwaka huohuo Noel Rose na Ernest Witebsky, Marekani, walionyesha jambo kama hilo kwa sungura. Miaka 44 ugonjwa ulikuwa na jina bila ya kuwa na kabila.

Tangu hapo mgawanyo mkubwa umekuwa huu: yako maradhi ambayo kinga inapiga ogani moja, na yako ambayo inapiga kitu kilichomo mwili mzima.

Fungu la ogani moja ndilo rahisi. Tezi ya shingo ikipigwa polepole ikachoka, ni Hashimoto: mtu ananenepa, anasikia baridi, anachoka. Tezi hiyohiyo ikichochewa badala ya kuuliwa, ni ugonjwa wa Graves: anakonda na huku anakula, moyo unamwenda mbio, macho yanatoka. Makutano ya neva na msuli yakipigwa, ni miasthenia, na dalili yake utaiona machoni: kope zimesimama asubuhi, magharibi zimelala. Chembe za rangi ya ngozi zikipigwa, ni mbalanga.

Kwa mbalanga nisimame kidogo, kwa sababu watu wanaoneana haya bure. Baka la mbalanga ni jeupe kama maziwa, na ukiligusa kwa uzi wa pamba mtu amefumba macho, anasikia. Baka la ukoma kwa kawaida limepauka tu, si jeupe kabisa, na pamba haisikiki. La kwanza haliambukizi na halimdhuru mtu ila kwa maneno ya watu. La pili linataka hospitali, dawa zake hutolewa bure, na zinaponya. Jaribio la pamba halichukui hata dakika moja.

Kongosho nalo limo fungu hili, na hapa kukosea kunaua. Kisukari tulichokizoea, cha mtu mzima aliyenenepa, si ugonjwa wa kujishambulia. Kisukari cha aina ya kwanza ndicho: kinga inaziua chembe zinazotengeneza insulini, na mara nyingi anayepatwa ni mtoto au kijana. Anakojoa sana, anaamka usiku kunywa maji, anakonda kwa wiki chache, halafu anatapika na kuhema kwa nguvu. Kwetu mtoto anayetapika na kulegea hupimwa malaria kwanza, na ni haki apimwe. Wewe omba tone hilohilo la damu lipimwe na sukari. Mtoto huyu hana wa kumtibu kwa vidonge wala kwa mitishamba. Bila ya insulini hafiki mbali.

Na insulini inataka ubaridi. Kama nyumbani hamna friji, weka mtungi mdogo ndani ya mkubwa, jaza mchanga katikati, umwagilie maji, funika kwa kitambaa kibichi, uweke penye upepo na kivuli. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo mtungi haupoi kama unavyopoa Dodoma, lakini ni bora mara nyingi kuliko kabati chini ya paa la bati.

Fungu la mwili mzima lina matata zaidi. Lupasi inapiga vitu vilivyomo katika kiini cha kila chembe, kwa hiyo inaweza kutokea popote: ngozi ya mashavu, viungo, damu, mapafu, ubongo, na figo, ambazo ndizo za kuogopwa zaidi. Wagonjwa wake wengi ni wanawake, kiasi cha tisa kwa kila mwanamume mmoja, na wengi ni wa umri wa kuzaa. Skleroderma inakaza ngozi mpaka mdomo haufunguki vizuri. Ugonjwa wa Sjögren unakausha macho na mate. Na yule mama wa vidole vya alfajiri yumo humu, ingawa tunadhani anaumwa vidole tu: ugonjwa wake unaweza kufika mapafuni na machoni.

Usitarajie kuyakuta yote kwenye sura moja ya kitabu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, yaani toleo la 11, inaiweka lupasi katika sura ya maradhi ya kinga, kisukari cha aina ya kwanza katika sura ya homoni, na ugonjwa wa yule mama katika sura ya mifupa na misuli. Ndiyo sababu mgonjwa mmoja anaweza kutumwa kwa madaktari watatu. Hawajakusukumasukuma, ndivyo vitabu vyao vilivyopangwa.

Vidole, alama na karatasi

Sasa turudi kwa mama. Daktari ataangalia mambo manne: viungo vingapi vimevimba na ni vipi, damu inasema nini juu ya kingamwili, damu inaonyesha mwako kiasi gani, na hali hii imedumu wiki sita au la. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani na Ulaya walikubaliana kuvipa vitu hivyo alama, jumla 10. Anayefika 6 anahesabiwa kuwa na ugonjwa huu, akishaondolewa sababu nyingine.

Alama hizo zilitungwa kwa ajili ya utafiti, ili mgonjwa anayehesabiwa Oslo na anayehesabiwa Nairobi wawe wa namna moja. Daktari mwenye uzoefu anaweza kumtibu mtu mwenye alama 5, na akamwambia mwenye 6 angoje. Ukiziona kwenye simu yako usijumlishe mwenyewe. Kumsaidia daktari, andika siku saba mfululizo: umeamka saa ngapi, vidole vimelainika saa ngapi. Muda wa katikati ukizidi saa moja kila siku, una kitu cha kumwonyesha, na hakihitaji maabara.

Karatasi za maabara ndizo zinazowachanganya watu. Kipo kipimo cha kingamwili za kiini, kinachoandikwa kwa herufi ANA. Kwa lupasi ni mlango: vigezo vya 2019 vinataka kiwe chanya angalau kwa kiwango cha 1:80 ndipo alama nyingine zianze kuhesabiwa. Lakini mlango si nyumba. Uchunguzi wa maabara 15 uliochapishwa 1997 ulikuta watu wazima wasioumwa chochote wakiwa chanya: karibu 32 katika kila 100 kwa kiwango cha 1:40, 13 kwa 1:80, na 5 kwa 1:160. Ukiletewa karatasi iliyoandikwa chanya bila ya kiwango, rudi ukaulize kiwango kabla ya kulia.

Kipimo kingine, kiitwacho RF, cha ugonjwa wa viungo kama wa yule mama, kinaweza kuwa chanya kwa mwenye kifua kikuu, ukoma, homa ya ini, au maambukizi ya muda mrefu ya vimelea. Katika kisiwa kama chetu, chenye historia ya malaria, kichocho na minyoo, kipimo hicho kinastahili kusomwa kwa uangalifu.

La tatu ni la nyumba na ndoa. Mama mjamzito hupimwa kaswende kliniki. Kipimo cha haraka cha zamani kinaweza kutoa chanya ya uongo kwa mwanamke mwenye lupasi au mwenye kingamwili zinazogandisha damu. Nyumba zinaweza kuvunjika kwa karatasi hiyo. Kabla ya mtu kumtuhumu mwenzake, kiombwe kipimo cha pili cha kuthibitisha, kinachomtafuta kijidudu mwenyewe wa kaswende kwa kingamwili zake. Na kama cha kwanza ni chanya, cha pili ni hasi, na mwanamke huyo ameharibu mimba mara tatu, mwambie daktari mambo hayo kwa pamoja. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London aliyaunganisha: damu kuganda, mimba kutoka, na kingamwili hizo. Kwetu mimba zinazotoka mfululizo hupelekwa kwa mganga zikatafutiwa shetani wake. Sina ugomvi na anayesoma dua. Lakini kwa ugonjwa huu aspirini ya kipimo kidogo na sindano za heparini, chini ya uangalizi wa daktari, zimewapa wanawake wengi watoto, na zinafaa zianze mapema.

Silaha

Mgawanyo mwingine unauliza kinga inapiga kwa silaha gani. Waingereza Philip Gell na Robin Coombs waliupanga 1963 katika aina nne. Ya kwanza ni ya mzio, tuiache. Katika ya pili kingamwili inakwenda moja kwa moja kwenye chembe inayoilenga, kama katika miasthenia. Katika ya tatu kingamwili na shabaha yake hushikana, zikaelea katika damu na kwenda kukwama kwenye vichujio vya figo, kama taka katika chujio la tui; hiyo ni lupasi ya figo. Katika ya nne wapigaji ni chembechembe zenyewe, kama wanaomaliza kongosho la mtoto.

Kwa msomaji wa kawaida faida ya mgawanyo huu ni moja hasa: kingamwili hupita kwenye kondo la nyuma, chembechembe kwa kawaida hazipiti. Mama mwenye Graves au miasthenia anaweza kuzaa mtoto mwenye dalili zake kwa wiki kadhaa, kisha zikaisha kadiri kingamwili za mama zinavyopungua. Wako akina mama wenye lupasi au Sjögren ambao kingamwili zao zinaweza kuutia moyo wa mtoto kasoro isiyoondoka. Mjamzito mwenye maradhi haya aseme kliniki siku ya kwanza, hata kama yeye mwenyewe hajisikii kuumwa.

Nani alianza ugomvi?

Swali la mwisho ni nini kiliichokoza kinga. Yule mtoto wa goti linalohama ningemtaja mwanzo kabisa kama ningekuwa naandika kwa walimu wa skuli. Koo linamuuma, linapona, na baada ya wiki mbili tatu kinga iliyofundishwa kumpiga bakteria wa koo inaona mfano wake katika vali za moyo. Vigezo vya kuitambua homa hii ya baada ya koo kuuma viliwekwa na daktari wa Kimarekani T. Duckett Jones mwaka 1944 na vimerekebishwa mara kadhaa, mwisho 2015. Vitabu vingi haviiweki katika fungu la kujishambulia, vinaiweka kwenye moyo, na kwa sababu hiyo watu wanaisahau. Kwa maoni yangu, kwa Afrika Mashariki inafaa kuwa ukurasa wa kwanza. Dawa yake ni sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Sindano inauma, mtoto anaonekana mzima, na hapo ndipo wazazi wanapoacha. Anayeacha anaweza kujikuta Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akisubiri kurekebishiwa vali.

Na yako maradhi ambayo bado yanatafutiwa fungu. Tangu miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwe, alikuwa akiwatibu wenye kifafa Mahenge, Morogoro, na kuwaona watoto wanaotikisa vichwa. Ugonjwa huo ukaja kujulikana sana kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kingamwili zinazomshika mnyoo wa usubi na pia protini moja ya ubongo. Mjadala haujafungwa.

Minyoo inanileta kwetu. Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya kujishambulia ni machache huko, na akadhani malaria na vimelea vinaituliza kinga. Wazo hilo limezaa utafiti mwingi duniani. Lakini usilichukue kama ruhusa ya kusema kwetu hayapo. Ugonjwa usiopimwa hauonekani kwenye rejesta. Wala asikwambie mtu uiache minyoo ya mtoto tumboni ili imlinde: Pemba ndiko kulikofanywa, miaka ya 1990, baadhi ya uchunguzi ulioonyesha jinsi safura inavyowamaliza damu watoto wa skuli.

Kabla ya kumeza

Hapa minyoo ina neno zito. Dawa inayotumika sana kuzima kinga iliyochachamaa ni prednisoloni. Yupo mnyoo mdogo anayeingilia nyayoni, strongiloidi, anayeweza kuishi na mtu miaka mingi bila ya kumsumbua, kwa sababu kinga imemzuia. Ukiizima kinga, anazaliana na kusambaa mwili mzima, na anaua. Mtu aliyekulia shamba, akatembea miguu mitupu, amwambie daktari hivyo kabla ya kuanza prednisoloni ya muda mrefu. Atapimwa, au atapewa ivermektini kwanza. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000, imejijengea jina kwa kazi ya minyoo na kichocho, kwa hiyo swali hili kisiwani si geni. Kifua kikuu na homa ya ini ya B navyo viulizwe.

Prednisoloni ikishaliwa kwa wiki kadhaa haikatwi ghafla. Mwili umeacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na anayeikata kwa sababu uso umejaa au kwa sababu vidonge vimeisha boti haijaja, anaweza kuzimia. Nunua za ziada kabla ya kusi kuchafua bahari.

Safari yako huenda ikaanzia Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani, ikapita Mnazi Mmoja, Unguja, na kufika Muhimbili. Beba karatasi zote, pamoja na zile hasi, kwa tarehe, ndani ya mfuko wa nailoni. Piga picha ya upele au uvimbe siku unapotokea. Siku ya daktari huwa umeondoka. Andika dawa zote ulizokula, na za mitishamba, bila ya kuona haya. Na uliza swali hili: ugonjwa wangu unapiga ogani moja au mwili mzima, na figo zangu zimepimwa? Kupima mkojo ni rahisi, na ndiko kunakoigundua lupasi ya figo kabla mtu hajavimba miguu.

Yule mama wa vidole, akithibitika, huenda akaandikiwa methotreksati. Haimfai mwenye mimba wala anayetafuta mimba, na asemezane na daktari kabla. Huliwa mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki, si kila siku. Wako watu duniani waliokufa kwa kuila kila siku, kwa sababu mfamasia aliandika haraka au mgonjwa alizoea vidonge vya kila siku. Chagua siku isiyosahaulika nyumbani, kama Ijumaa. Vidonge vya foliki atakavyopewa navyo avile siku nyingine, kama alivyoelekezwa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika IJUMAA juu ya pakiti yenyewe kwa herufi kubwa, na mwonyeshe mtoto anayejua kusoma.